Lori la tani 30 likigongana uso kwa uso na bajaji, nani kapigwa kwa kani kubwa zaidi?

#1 Mwalimu_Tungamo

Wakuu, salaam.

Swali hili nimeshaliuliza darasani, kijiweni na kwenye kahawa, na jibu huwa lile lile hata kabla sijamaliza kuuliza: bajaji ndiyo imepigwa zaidi. Bajaji inasagika, lori linachubuka rangi, sasa hapo kuna la kujadili? Jibu liko wazi kiasi kwamba anayelipinga anaonekana kalewa. Mimi nalipinga, na leo sijanywa hata soda.

Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ambayo lori linaipiga nayo bajaji na kani ambayo bajaji inalipiga nayo lori ni sawa. Si karibu sawa, wala si sawa endapo dereva wa lori kawahi kufunga breki. Ni sawa kabisa, kila nukta ya muda, toka bampa zinapogusana mpaka zinapoachana. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687 kwenye kitabu chake cha Kilatini, na mpaka leo halijatokea lori la kuivunja.

Twende na namba. Lori na mzigo wake, kilo 30,000. Bajaji, dereva na abiria wake, kilo 600. Kila moja inakuja kwa kilomita 50 kwa saa, zinakutana uso kwa uso na kunasana. Momenta, yaani tungamo (zile kilo za kitu) mara mwendo, haipotei kwenye mgongano. Ya lori ikitolewa ya bajaji, kinachobaki kinabebwa na chuma chote kilichonasana. Ukipiga hesabu, rundo zima linaendelea upande lilikokuwa likienda lori, kwa kilomita 48 kwa saa.

Lori limepoteza kilomita 2 tu. Bajaji ilikuwa inakwenda 50 upande huu, sasa inarudishwa kinyumenyume kwa 48. Mwendo wake umebadilika kwa kilomita 98 kwa saa.

Tuseme yote hayo yametokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambao ndio muda wa kawaida wa ajali kama hizi. Mchapuko wa lori, yaani mwendo wake unavyobadilika kila sekunde, unakuwa kama mita 5.45 kwa sekunde kwa kila sekunde. Wa bajaji, 272. Sasa zidisha kwa tungamo, ambayo ni kanuni ya pili ya Newton: kani ni tungamo mara mchapuko. Lori: 30,000 mara 5.45, unapata nyutoni (kipimo cha kani) 163,000 na kitu. Bajaji: 600 mara 272, unapata nyutoni 163,000 na kitu.

Kani ni moja. Aliyepata mchapuko mara 50 ni yule mwenye tungamo dogo mara 50.

Karibuni kwa hoja. Matusi peleka jukwaa la siasa.

#2 Pilipili_Kichaa

Kwa hiyo dereva wa bajaji akizinduka wodini aambiwe walitoka sare?

#3 Dereva_wa_Tunduma

Mwalimu, heshima yako. Mimi nashika usukani wa semi, hizo hesabu nakuachia wewe. Ila nakuambia kitu cha kebini: ukigonga kitu chepesi unasikia "ko" basi, hata chai kwenye chupa haimwagiki. Kama kweli na mimi nimepigwa nyutoni laki moja na sitini, mbona sijasikia?

#4 Mwalimu_Tungamo

Mkuu Dereva, hiyo hoja ndiyo nilikuwa naisubiri, maana wengi wanakwama hapo.

Mwili hausikii kani iliyopita kwenye bampa. Mwili unasikia kile kinachofanywa kwenye mwili. Wewe una kilo 80, umekaa ndani ya kebini ambayo imepunguza mwendo kwa mita 5.45 kwa sekunde kwa kila sekunde. Kani inayokushikilia wewe usiendelee mbele ni 80 mara 5.45, nyutoni kama 436. Ni sawasawa na breki kali ya kawaida, na hata hiyo inadumu kufumba na kufumbua.

Abiria wa bajaji ana kilo 70. Mchapuko wake 272. Ili abadilike mwendo pamoja na bajaji yake anahitaji nyutoni 19,000, yaani uzito wa karibu tani mbili umelalia kifua chake. Hakuna mbavu za kubeba hiyo.

Kwa hiyo kuna maswali mawili na watu huyachanganya. La kwanza: gari na gari zimepigana kwa kani gani? Sawa. La pili: binadamu aliyemo ndani amepata nini? Hapo tofauti ni mbingu na ardhi. Pilipili, ukienda wodini mwambie hilo la pili.

Na kuna la tatu ambalo Newton halimhusu sana: kani ile ile ikiangukia chasisi ya lori, chuma kinene, inakunja kidogo. Ikiangukia mabomba na bati la bajaji inakunja kila kitu mpaka kwenye magoti ya watu.

#5 Binti_Kidato_cha_Tatu

Mwalimu shikamoo.

Naomba kuuliza. Kama lori linasukuma bajaji kwa 163,000 na bajaji inasukuma lori kwa 163,000 upande wa pili, si zinafutana? 163,000 toa 163,000 ni sifuri. Na kanuni ya pili inasema kani ikiwa sifuri hakuna mchapuko. Kwa hiyo hakuna kitu chochote duniani kingesogea. Shuleni tuliambiwa tukariri tu "kila tendo lina mjibizo ulio sawa na kinyume", tukakariri, ila mimi sijaelewa.

#6 Mwalimu_Tungamo

Marahaba binti. Umeuliza swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu na ndio kwanza tuko namba 5.

Kani mbili zinaweza kufutana zikiwa zinafanya kazi juu ya kitu kimoja. Za kanuni ya tatu haziwi juu ya kitu kimoja hata siku moja. Moja iko kwenye bajaji, nyingine iko kwenye lori. Kuzitoa moja kwa nyingine ni sawa na kuchukua deni langu ukalifuta kwa akiba ya jirani yangu.

Chukua kijana wa mkokoteni pale Kariakoo. Mkokoteni na mzigo ni kilo 100, yeye ana kilo 80. Anausukuma kwa nyutoni 200. Mkokoteni nao unamsukuma yeye kwa nyutoni 200, kuelekea nyuma. Wote wawili wanaondoka. Vipi?

Ziba yote kwa mkono, uache mkokoteni peke yake. Nani anaugusa? Kijana, nyutoni 200 mbele. Msuguano wa matairi na ekseli, tuseme 150 nyuma. Inabaki 50 mbele. Gawa kwa kilo 100: mchapuko 0.5.

Sasa ziba mkokoteni, mwache kijana. Nani anamgusa? Mkokoteni, 200 nyuma. Na ardhi. Hapa ndipo wengi wanasahau. Mwangalie miguuni: amejipinda, vidole vimeng'ang'ania lami, anaisukuma ardhi kwenda nyuma. Ardhi inamjibu kwa kumsukuma mbele, tuseme kwa nyutoni 240. 240 toa 200 ni 40. Gawa kwa kilo 80: mchapuko 0.5. Sawa na wa mkokoteni, ndiyo maana hawaachani.

Mvalishe kandambili zilizolowa, umweke juu ya vigae vya sabuni. Nguvu za mikono anazo zile zile, lakini ardhi haiwezi tena kumjibu. Miguu itarudi nyuma na mkokoteni utabaki pale pale. Anayewasogeza wote wawili, kijana na mkokoteni wake, ni ardhi kupitia miguu yake.

Na ardhi yenyewe? Nayo imesukumwa nyuma kwa nyutoni 240. Ila tungamo la Dunia ni kilo 6 zikifuatiwa na sifuri 24, kwa hiyo usitegemee kuona kitu.

Mtego wa mtihani, uuandike pembeni ya daftari: kitabu kikiwa mezani, uzito wake na kani ya meza inayokisukuma juu SI jozi ya kanuni ya tatu. Hizo zote mbili ziko juu ya kitabu, na zinalingana kwa sababu kitabu kimetulia. Jozi ya uzito wa kitabu ni kitabu kuivuta Dunia kwenda juu. Watahiniwa wengi wanaangukia hapo.

#7 Binti_Kidato_cha_Tatu

Asante mwalimu. Hiyo ya kuziba kwa mkono naipeleka kwa wenzangu. Kwa hiyo kwanza nichague kitu kimoja, ndipo nihesabu nani anakigusa?

#8 Mwalimu_Tungamo

Hivyo hivyo. Na nani anakivuta bila kukigusa, yaani Dunia.

#9 Fundi_Springi

Mimi nina ugomvi na mambo ya kona. Kila mtu anajua gari likikata kona kwa kasi kuna nguvu inakutupa nje. Mimi mwenyewe ukinipeleka kona za Lushoto nalalia mlango. Lakini kuna kijana mmoja wa chuo akanibishia kwamba hiyo nguvu haipo. Haipo vipi wakati bega linauma?

#10 Mkaa_Forodhani

Bwana Fundi, kijana wako kasema kweli. Bega linauma kwa sababu mlango unakusukuma ndani. Wewe mwili wako ulitaka kwenda moja kwa moja kama ulivyokuwa ukienda. Hiyo ndiyo inesha, kanuni ya kwanza. Gari limepinda, wewe hukupinda nalo, ukakutana na mlango. Mlango ndio uliokuja kwako.

Jambo hili limewasumbua watu kwa karne nyingi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na ukitazama mkokoteni unaona kama kasema haki, ukiacha kusukuma unasimama. Akaja Galileo, mwanasayansi wa Italia, kitabu chake cha mwaka 1638, akaviringisha mipira juu ya mbao zilizoinama, akaonyesha kwamba kinachousimamisha ni msuguano. Uondoe huo, mpira utakwenda na kwenda. Newton akaipokea ikawa kanuni ya kwanza.

Hata konda wa daladala aijua bila kusoma. Dereva akifunga breki, yeye kashashika bomba zamani, nyinyi ndio mnaomiminika mbele.

#11 Mwalimu_Tungamo

Sheikh wangu kamaliza. Niongeze namba kwa ajili ya watu wa bodaboda, maana hapo ndipo watu wanazikwa.

Kupinda kunahitaji kani kuelekea ndani ya kona, na kwenye pikipiki kani hiyo inatoka kwenye msuguano wa matairi mawili tu. Mchapuko unaohitajika ni mwendo kwa kipeo cha pili, gawa kwa nusukipenyo cha kona. Kona ya nusukipenyo cha mita 50, mwendo kilomita 60 kwa saa: inahitaji mita 5.6 kwa sekunde kwa kila sekunde. Lami kavu yenye matairi mazuri inaweza kutoa karibu 7. Unapita. Mvua ikinyesha lami hiyo hiyo inaweza kushuka mpaka kama 4. Hupiti. Mwendo wa juu kabisa wa kona hiyo ukiwa umelowa ni karibu kilomita 50 kwa saa, na kama kuna mchanga uliomwagwa na tipa, punguza tena.

Angalia kwamba tungamo halimo kwenye hesabu. Kupakia mishikaki hakubadilishi kona yenyewe, kunaharibu mambo mengine: breki, mizani, na akili ya dereva.

#12 Dereva_wa_Tunduma

Hapo hapo kwenye tungamo ndipo nakushika, mwalimu. Mwanangu kanionyesha kwenye daftari lake kwamba hata umbali wa kusimama hautegemei uzito wa gari, ile m, yaani tungamo, inakatwa juu na chini. Sasa njoo mteremko wa Kitonga ukiwa na tani 30 mgongoni uniambie hiyo m imekatwa wapi.

#13 Pilipili_Kichaa

Nimekaa paleee na karanga zangu.

#14 Mwalimu_Tungamo

Mwanao yuko sahihi na wewe uko sahihi. Nieleze.

Barabara tambarare, breki nzima, tairi ndizo zinazoamua. Gari zito linahitaji kani kubwa kulisimamisha, lakini uzito huo huo unakandamiza tairi kwenye lami na kuongeza msuguano kwa kiwango kile kile. Kweli m inakatwa. Kinachobaki ni mwendo, nao uko kwenye kipeo cha pili. Kwa lami kavu, kilomita 50 kwa saa unasimama kwa kama mita 14 tangu breki iume. Kilomita 100 kwa saa, mita 56. Mwendo mara mbili, umbali mara nne. Na bado hujaweka ile sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo kwa kilomita 100 inakula mita 28 nyingine kabla breki haijaguswa.

Sasa mlimani. Hapo tairi haziamui tena, zinazoamua ni dramu za breki. Lori la kilo 30,000 likishuka kimo cha mita 300, mvutano wa Dunia unalipa nishati ya jouli milioni 88. Kama hutaki mwendo uongezeke, nishati yote hiyo lazima uitupe mahali. Ukiitupa kwenye breki tu, inageuka joto, na joto hilo linatosha kuchemsha pipa zima la maji la lita 200 na bado linabaki. Dramu ikipata joto inatanuka na kukimbia pedi, pedi nazo zikiungua zinateleza. Kanyagio liko chini, kani hakuna. Lori tupu lenye tani 10 lingekuwa na theluthi ya joto hilo. Kwa hiyo m imerudi, mkuu, imerudi kupitia mlango wa joto.

Gia ndogo inaitoa nishati hiyo kwingine: injini inageuzwa pampu ya hewa, joto linatoka kwa rejeta na ekzosi.

#15 Dereva_wa_Tunduma

Sasa tunaongea lugha moja.

Sisi tulifundishwa na wazee: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Hakuna aliyetutajia jouli. Vijana wa siku hizi wanaweka nyutro kwenye mteremko eti wanaokoa mafuta. Gari linakimbia lenyewe, raha, mpaka anapotaka kuingiza gia, gia haikubali, ameshapita mwendo wake. Anaanza kukanyaga-kanyaga breki, kila akikanyaga upepo unapungua kwenye mitungi, mara kengele ya upepo inalia.

Na harufu. Pedi zikianza kuungua kuna harufu kali inapanda kebini, haifanani na klachi wala mpira. Ukiisikia usijidanganye kwamba ni ya gari la mbele. Tafuta pa kuegemea ukiwa bado na breki nusu, simama, weka vigingi, acha ipoe yenyewe. Usiruhusu tanboi amwagie maji dramu, itapasuka.

#16 Mama_Wawili_Mbeya

Jamani nyinyi wa magari makubwa mmenitisha, lakini mimi swali langu dogo. Nikipanda gari ndogo mbele na kumpakata mwanangu wa mwaka mmoja, mkanda nimefunga mimi. Namshika vizuri sana. Mume wangu anasema haitoshi, mimi naona ananionea.

#17 Mwalimu_Tungamo

Dada, mume hajakuonea.

Mtoto kilo 10. Gari kilomita 50 kwa saa, linagonga, linasimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ili mtoto asimame pamoja nawe unatakiwa umshike kwa nyutoni 1,390, yaani unyanyue kilo 140 kwa ghafla, bila kujiandaa, kwa mikono iliyozunguka mtoto. Hakuna mzazi wa hivyo. Na ukimfunga ndani ya mkanda wako mwenyewe ni vibaya zaidi, maana mwili wako utambana kwenye mkanda. Kiti cha mtoto, nyuma, kimefungwa vizuri.

Mkanda na mfuko wa hewa vyote vinafanya kazi moja: kurefusha muda wa kusimama. Badiliko la momenta ni lile lile, huwezi kulikwepa. Ukilipa ndani ya muda mrefu mara tano, kani inapungua mara tano. Sehemu ya mbele ya gari za kisasa inayokunjika inafanya kazi hiyo hiyo. Watu wanasema gari za zamani zilikuwa imara kwa sababu hazikunjiki. Zilikuwa imara zenyewe. Kani yote ilibaki kwa abiria.

#18 Pilipili_Kichaa

Mimi nimeelewa hadi hapa, ajabu. Sasa roketi. Gari linasukuma lami, mkokoteni mguu unasukuma ardhi. Roketi huko juu hakuna hewa, inasukuma nini? Au ndio zile picha za studio?

#19 Mwana_wa_Ngomeni

Pilipili ndugu yangu, umefika kwetu. Mimi natoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ukisimama ufuoni unaona majukwaa ya chuma katikati ya bahari. Hayo ni San Marco, ya Waitaliano. Wazee wetu waliona roketi zikiruka hapo na setilaiti tangu 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri yetu, iliruka moja imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwa nyota. Si studio, wavuvi waliambiwa wasikaribie.

Swali lako liliulizwa na wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mwanasayansi wa roketi wa Marekani, kwamba hajui hata yale yanayofundishwa sekondari, kwani roketi isiyo na hewa ya kusukuma haiwezi kwenda. Gazeti lilisahihisha habari hiyo Julai 1969, wakati watu wako njiani kwenda mwezini.

Jibu: roketi inasukuma gesi yake yenyewe. Inachoma mafuta, inatupa gesi nyuma kwa kasi ya ajabu, gesi nayo inaisukuma roketi mbele. Jozi ni roketi na gesi. Hewa ya nje haihitajiki, tena inaleta ukinzani tu.

Na kwa nini waje mpaka kwetu? Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta. Dunia ikizunguka, mtu wa ikweta anabebwa mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa akiwa amesimama tu. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaondoka na kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Na mashariki yetu ni Bahari ya Hindi, ikianguka haimwangukii mtu.

#20 Mkaa_Forodhani

Kwa kuwa ikweta imetajwa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, na saa ya pendulamu iliyokuwa sawa Paris. Kufika kule ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Saa haikuharibika. Mvutano wa Dunia ni mdogo kidogo huku kwetu kuliko huko kwao, kwa sababu Dunia inazunguka na imebonyea nchani. Newton akautumia ushahidi huo kwenye kitabu chake.

Kwa hiyo mzani wa springi uliosawazishwa London, ukiuleta Mombasa bila kuusawazisha upya, kilo moja ya dhahabu itasoma pungufu ya gramu tatu hivi. Tungamo ni lile lile, uzito ndio uliopungua. Mzani wa mizania ya pande mbili haudanganyiki, maana pande zote zinavutwa kwa kiwango kimoja. Wanaonunua dhahabu wanalijua hili kabla ya mwalimu.

#21 Dereva_wa_Tunduma

La mwisho kutoka kwangu, nipo mpakani foleni haisogei. Kuna ubishi hapa kati ya madereva. Gari mbili zinazofanana kabisa, kila moja 50, zikivaana uso kwa uso. Wengi wanasema ni sawa na kugonga ukuta wa zege kwa 100. Mimi nimewaambia wasubiri mwalimu.

#22 Mwalimu_Tungamo

Ni sawa na kugonga ukuta kwa 50.

Ziba gari la pili kwa mkono. Gari lako lilikuwa 50, sasa ni sifuri, kwa sababu magari yanalingana na hakuna anayemrudisha mwenzake nyuma. Ukigonga ukuta kwa 50, ulikuwa 50, sasa ni sifuri. Muda ule ule, bampa inakunjika vile vile, kani ile ile. Ni kweli nishati ya ajali nzima ni mara mbili, lakini kuna magari mawili ya kuigawana.

Ukigonga ukuta kwa 100, nishati ya gari lako ni mara nne ya ile ya 50, na uko peke yako wa kuimaliza.

Wanaosema 100 wanajumlisha mwendo wa kukaribiana. Mwendo huo ni 100 kweli. Ila ukuta hausogei ukigongwa, na gari la mwenzako lililo sawa na lako nalo linakutana na wewe kwenye mstari usiosogea. Kwa lori na bajaji haiko hivyo, kwa sababu mstari wa kukutana unaendelea kwenda na lori. Ndiyo maana bajaji ilipata 98.

#23 Dereva_wa_Tunduma

Nimewasomea kwa sauti. Wawili wamekubali, mmoja anataka chaki achore kwenye tela.